Kazi Iliyo Chini ya Kigae

Wateja wengi huniita wakiwa wameshanunua vigae. Maboksi yamepangwa sebuleni, mafundi wengine wameshapita kutaja bei zao, na swali la kwanza ninaloulizwa ni lini nitamaliza. Mimi hutoka nje kwanza kuangalia ardhi. Nimeishi na kazi hii tangu ujana wangu, Dar es Salaam na mikoa mingine nilikoitwa, na mabaraza mabovu niliyoitwa kuyabomoa karibu yote yaliharibikia chini, kigae chenyewe kikiwa kizima.

Nilianza kama saidia fundi huko Temeke, nikichanganya udongo wa saruji na kuchota maji kwa mzee mmoja aliyekuwa bingwa wa sakafu. Wakati huo mabaraza mengi yalipigwa niru: saruji iliyotiwa rangi nyekundu na kusuguliwa kwa mwiko hadi ing'ae, halafu wenye nyumba wakawa wanaipaka nta ili isichakae. Mzee hakupima chochote kabla hajamwaga maji. Alimwaga ndoo mlangoni, tukasimama kimya kutazama yanakoelekea, yanapotuama, na kama yanarudi kwenye msingi wa nyumba. Baadaye nilipokwenda chuo cha ufundi cha VETA nilikuta hesabu ya jambo lile lile. Baraza la nje linahitaji mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kuelekea mbali na nyumba. Mimi hushika 1 na nusu, kwa hiyo baraza la mita 3 kutoka mlangoni hadi ukingoni linashuka sentimita 4 na nusu. Mteremko huo unatengenezwa kwenye zege na kwenye tabaka la kusawazisha. Fundi anayeutafuta kwa kuongeza gundi chini ya kigae amechelewa.

Vigae vya porselini vilipoenea, vingi vikitoka China na Hispania, na vigae vikaanza kutoka pia kwenye viwanda vya Mkuranga na Chalinze, mafundi wengi waliendelea na mazoea ya zamani. Vigae vya kauri vya kawaida vililowekwa kwenye pipa usiku kucha, vikanywa maji, vikabandikwa kwa saruji tupu na vikashika. Porselini haiendi hivyo. Imechomwa kwa joto la nyuzi 1,200 hivi hadi ikashikamana kabisa, na maji inayoweza kunyonya hayazidi asilimia 0.5 ya uzito wake. Dondosha tone la maji mgongoni mwa kigae cha porselini, urudi baada ya muda: utalikuta palepale. Saruji tupu hushika kwa kupenya kwenye vitundu vidogo, na hapa vitundu ni kama havipo. Ndiyo maana tunatumia gundi ya unga yenye polima, iliyotengenezwa kwa vigae vya aina hiyo na kwa matumizi ya nje. Lakini gundi ina pande mbili za kushika. Upande wa juu ni kigae. Upande wa chini ni ile sakafu ambayo mwenye nyumba anataka ifunikwe haraka.

Hapo ndipo niru ya zamani inapogeuka tatizo. Uso wake ni laini, na nta imeingia ndani. Gundi ikipakwa juu yake inaonekana imeshika, mteja anafurahi, halafu jua na mvua vya msimu mmoja vinatosha kuanza kuibandua. Sakafu kama hiyo lazima idonolewe kwa tindo na nyundo, nukta kwa nukta, au isagwe kwa mashine hadi zege lenye ukwaru lionekane. Ni kazi ya vumbi na maumivu ya mikono, na vijana wanaoifanya wanastahili kulipwa vizuri zaidi kuliko wanavyolipwa. Baada ya hapo tunaosha, tunaacha pakauke, kisha napita nikigonga kwa mpini wa nyundo huku nasikiliza. Pakilia tupu, tabaka la juu limeachana na la chini, na panavunjwa hata kama macho hayaoni ufa. Mwisho tunalaza ubao ulionyooka wa mita 2. Nafasi chini yake ikizidi milimita 3, tunajaza au tunasaga.

Ardhi nayo ina tabia zake. Shinyanga nilikutana na udongo mweusi wa mbuga, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi. Juu ya udongo huo hata zege zuri hubebwa juu na kushushwa mwaka baada ya mwaka. Tuliuchimba na kuutoa, tukaleta moramu, tukaimwagia maji kiasi na kuishindilia kwa matabaka yasiyozidi sentimita 15 kila moja. Mwenye nyumba alikuwa akihesabu malori kwa huzuni, na nilimwelewa, maana fedha ilikuwa inaingia ardhini mbele ya macho yake. Kigamboni shida ilikuwa chumvi. Mchanga uliochotwa ufukweni huja nayo, na unyevu wa ardhini huipandisha hadi ichipue nyeupe kwenye maungio. Kwa hiyo mchanga wa baharini siupokei, na chini ya zege natandika nailoni nzito.

Jambo linalogombanisha fundi na mteja kuliko yote ni kusubiri. Zege jipya husinyaa linapokauka, na mimi hulipa siku 28 kabla ya kulibandika porselini, nikilimwagia maji siku za mwanzo ili likomae. Mama mmoja wa Tabata alikuwa na harusi ya binti yake na zege la baraza lake lilikuwa limemwagwa karibuni tu.

“Fundi, kweli wageni wangu wakanyage saruji?”

“Watakanyaga mikeka, mama. Vigae nitavipanga wakishaondoka.”

Alikasirika, akampa simu kaka yake anisihi. Nilimwamkia shikamoo, nikamsikiliza mpaka mwisho, na jibu langu likabaki lile lile. Harusi ilifanyika juu ya mikeka, nami nikarudi kupanga muda ulipotimia. Baraza lile bado limeshika.

Jua pia linataka nafasi yake. Zege la mita 10 likipata tofauti ya joto ya nyuzi 30, hurefuka kama milimita 3, na porselini iliyo juu yake kama milimita 2. Dar es Salaam mvua inaweza kulikuta baraza likiwa moto wa saa nane mchana, likapoa ghafla. Vigae vilivyobanwa bega kwa bega hadi ukutani havina pa kwenda, hivyo vinainuka. Naacha maungio ya milimita 5. Kila mita 3 hivi, na kandokando ya ukuta, naacha nafasi ya kupumulia inayojazwa silikoni ya nje badala ya grauti. Zege likiwa na mkato wake, mkato huo unapanda hadi juu. Haufunikwi kwa kigae.

Na kile kitendo cha kuweka vidonge vitano vya gundi mgongoni mwa kigae kisha kukigonga kwa nyundo ya mpira, nakipinga popote ninapokikuta. Nje, gundi inatakiwa kujaa angalau asilimia 95. Pengo lolote linakuwa birika la maji ya mvua, na ndipo kigae kinapovunjikia kikikandamizwa na mguu wa meza au tairi la gari.

Kazi yetu kwa kawaida hulipwa kwa mita ya mraba ya vigae vilivyopangwa, na bei hiyo haimlipi mtu kwa kudonoa, kushindilia wala kusubiri. Fundi mwenye njaa ataruka alichokosa kulipwa. Wewe unayejenga, kaa na fundi wako kabla hujaenda dukani, mkubaliane bei ya maandalizi peke yake na siku zake, muiandike, na umlipe hiyo kwanza. Fedha ikipungua, nunua vigae vya bei ya chini zaidi, lakini maandalizi usiyapunguze.