Kata Niliyomjazia Shemeji

Nakiri: nusura niue mtu, na sikuwa hata na ugomvi naye.

Ilikuwa sherehe ya kipaimara, Marangu. Mbege, pombe ya ndizi, ilikuwa imeiva vizuri, na kando yake zilipangwa chupa za pombe kali. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa ametoka safarini, hajatia kitu tumboni. Alipoweka kata chini, nikamjazia. "Shemeji, usituaibishe. Mimi hii ni ya sita, na nimesimama!" Akanywa kwa kuniheshimu. Kisha nikamsukumia glasi mbili za ile kali.

Jua halijazama, akazima. Nikamlaza chali chumbani, nikafunga mlango, nikarudi kunywa. Shangazi ndiye aliyemkuta akikoroma vibaya, matapishi yamemkaba. Akamgeuza ubavu, akapiga ukelele. Tulimkimbiza zahanati, na Mungu akamnusuru.

Tabibu aliniuliza: "Ulimpimia kwa mwili wa nani?" Sikuwa na jibu. Akanifundisha nilichopaswa kukijua kabla ya kushika kata. Pombe huenea katika maji ya mwili, na mwanamke kwa kawaida ana maji machache kuliko mwanamume hata wakilingana uzito; kiasi kilekile humkolea zaidi damuni. Tumbo tupu huiachia ishuke upesi kwenye utumbo, inakofyonzwa haraka. Hata vimeng'enya vya kuivunja tunavirithi tofauti: Wachina na Wajapani wengi wana kimoja kilicho dhaifu, glasi moja tu huwafanya wekundu usoni na kuwaendesha moyo mbio. Wala kahawa au maji baridi hayaliharakishi ini kuivunja pombe.

Kilichonichoma zaidi ni neno lake juu yangu. Kule kusimama nilikojivunia hakukuwa uimara. Ubongo wangu ulikuwa umeizoea pombe, huku ini likiendelea kuumia kimyakimya.

Nilimwomba shemeji radhi mbele ya watu walewale walionisikia nikimkejeli. Kunisamehe amenisamehe, lakini kosa bado ni langu.

Nawe msomaji, mtu akiweka kata chini, iache hapo ilipo. Akizima, mlaze ubavu, usimwache peke yake, na mwite tabibu mapema. Shangazi angechelewa kidogo tu, tungekuwa tumezika.