Tana ya Pili: Mto ambao Wavuvi Wake Wamekunja Nyavu

Msomaji mpenzi, ukiulizwa mto Tana uko wapi, bila shaka hutasita kujibu. Utasema maji yake hutoka Mlima Kenya na Nyandarua, hupita katika mabwawa ya Masinga na Kiambere, huenda Garissa na nchi ya Wapokomo, kisha huingia Bahari Hindi karibu na Kipini. Umejibu sawa. Lakini je, wajua kwamba kuna Tana nyingine?

Tana hiyo iko kaskazini kabisa mwa Ulaya, mahali ambapo Norwe na Ufini zinapakana. Wanorwe huuita Tana, Wafini huuita Teno, na wenyeji wenyewe, yaani Wasami, huuita Deatnu, maana yake Mto Mkubwa. Kufanana kwa jina hilo na la mto wetu ni sadfa tu. Kwa urefu mto wao haufui dafu mbele ya wetu: una kilomita 360 hivi, nao wetu unakaribia 1,000. Hata hivyo, kisa chake kinafaa kusikizwa na kila anayekula samaki.

Ukitaka kufika huko, utashuka Helsinki, upande ndege nyingine hadi Ivalo, kisha ushike barabara ya kaskazini. Kadiri unavyosonga, miti inazidi kuwa mifupi, na vilima vinabaki vitupu. Huenda gari likalazimika kusimama kuwapisha wanyama wa jamii ya kulungu, ambao Wasami huwafuga kama sisi tunavyofuga ng'ombe. Mwishowe utafika Utsjoki, ambako daraja lililofunguliwa mwaka 1993 litakuvusha mto hadi upande wa Norwe.

Ukienda mwezi wa Juni, usingoje giza. Jua halitui kwa muda wa miezi miwili hivi, na saa sita za usiku unaweza kusoma gazeti hili nje bila taa. Kwa karne nyingi huo ndio uliokuwa wakati wa shangwe, kwa kuwa ndipo samoni walipokuwa wakirudi.

Samoni ni samaki wa ajabu. Huanguliwa katika changarawe ya mto na kukaa humo miaka kadhaa akiwa mdogo. Kisha huteremka hadi baharini, akala na kunenepa kwa mwaka mmoja au zaidi. Akikomaa hurudi kutaga mayai katika mto ule ule aliozaliwa, akiongozwa na harufu ya maji yake. Akiwa njiani kupanda mto hali kitu. Huruka maporomoko ya maji akiishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini. Tana peke yake ina koo 30 hivi za samoni, kila moja na tawi lake la mto.

Wakubwa wa mto huo si mzaha. Mwaka 1928, Henrik Henriksen alivua hapo kwa ndoana samoni wa kilo 36, uzito wa mtoto wa shule. Hadi leo huyo ndiye anayetajwa kuwa samoni wa Atlantiki mkubwa kuliko wote waliowahi kuvuliwa kwa ndoana. Katika miaka ya neema, mavuno ya mto huo yaliweza kufika tani 250 kwa mwaka.

Wasami hawakutegemea ndoana peke yake. Walijenga nyua za miti na nyavu ndani ya mto, mfano wa nyando za wavuvi wa pwani yetu. Walitega nyavu kando ya mkondo, na maji yalipojaa mwanzoni mwa kiangazi waliziachilia zielee na mto, watu wawili katika mashua nyembamba ya mbao. Kila njia ilikuwa na mahali pake na wakati wake, na hayo yote baba alimfundisha mwana akiwa ndani ya mashua.

Halafu samoni wakapungua. Wataalamu walitaja uvuvi uliopita kiasi wa miaka mingi, na bahari inayozidi kupata joto ambamo samoni wengi hufa kabla ya kurudi. Mwaka 2016 Norwe na Ufini zilitia saini mkataba mpya uliobana uvuvi. Mabunge ya Wasami yaliupinga, yakisema wenyeji hawakusikizwa. Mwaka 2021 likaja pigo lenyewe: uvuvi wa samoni ulipigwa marufuku mto mzima, kwa mgeni na mwenyeji. Msimu wa 2022 ukapita hivyo hivyo, na wa 2023, na wa 2024.

Sisi tunajua uchungu wa kufungiwa. Kila mwaka uvuvi wa omena unaposimamishwa katika Ziwa Victoria, mvuvi huanika nyavu na mama wa sokoni hukuna kichwa. Lakini sisi huhesabu miezi. Fikiria, msomaji, kuhesabu miaka.

Kuna jambo jingine la kuudhi. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika Tana ile mgeni alikuja, mwenyeji hakupona. Mgeni huyo ni samoni wa waridi wa bahari ya Pasifiki, aliyepandikizwa na wataalamu wa Kisovieti katika mito ya kaskazini magharibi mwa Urusi tangu miaka ya 1950. Tangu 2017 amekuwa akifurika mitoni kila mwaka usiogawanyika kwa mbili. Akishataga hufa, na mizoga huoza majini. Mwaka 2023 Norwe iliweka uzio katika Tana ili kumnasa, lakini waliopenya walikuwa wengi kuliko walionaswa. Basi mwenyeji alisimama ukingoni akitazama wageni wakipanda mto kwa maelfu, naye haruhusiwi kugusa samaki aliyelishwa naye na babu zake.

Je, nani mwenye haki? Swali hilo lilifika mahakamani. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Ufini iliwaondolea hatia Wasami walioshtakiwa kwa kuvua bila kibali katika matawi ya mto huo, kwa kuwa katiba inalinda utamaduni wao. Lakini hukumu haitagi mayai. Mto ukiishiwa na samoni, haki ya kuvua itabaki kwenye karatasi. Wanaotaka mto ufungwe wana hoja, na wanaolia kwamba umefungwa wana hoja pia.

Hasara kubwa zaidi haipimwi kwa tani. Samaki mkunje angali mbichi, nasi tunajua methali hiyo haimhusu samaki tu. Mtoto wa Kisami aliyekuwa na miaka sita mwaka 2021 alifika tisa mwaka 2024 bila kuketi mbele ya baba yake ndani ya mashua akifundishwa wavu unaachiliwa wapi. Samoni wakirudi kwa wingi, huenda wakapata mto bila wavuvi.

Kwa hivyo ukijaliwa kufika Utsjoki, usione haya kwenda bila ndoana. Simama darajani saa sita za usiku, jua likiwa bado juu ya kilima, utazame mashua zilizofunikwa kando ya maji. Na siku utakapovuka daraja la Garissa ukaona vijana wetu wakitupa mishipi katika maji mekundu ya Tana, waombee wapate kitu, na waombee kitu hicho kisiishe.