Kituo Kingine Kimeona?

Mteja alirudisha redio yake saa nane mchana, akaibwaga mezani. Masafa mafupi yalikuwa kimya. "Jana umenitoza elfu tatu," alimwambia baba, "leo imekufa."

Nilikuwa darasa la tano, nimekaa chini ya meza napanga skrubu. Baba akaifungua, asione tatizo. Redio yetu ya dukani ilikuwa kwenye FM, ikiimba kama kawaida. Akarudisha pesa. Mteja akaondoka akimwita tapeli, na mtaa mzima ukasikia.

Sasa nasomea shahada ya uzamili katika fizikia. Kazi yangu ni kusoma picha za mawimbi ya redio yanayotoka kwenye Jua. Nazipata kutoka e-CALLISTO, mtandao wa vipokezi vya bei nafuu vilivyobuniwa Uswisi na kufungwa katika nchi nyingi, Rwanda na Mauritius zikiwemo. Kipokezi husikiliza kati ya megahezi 45 na 870, na kila dakika 15 huhifadhi faili. Jua likizama kituo kimoja, kwingine limeshachomoza.

Kila nikipeleka picha, msimamizi wangu huuliza swali lilelile: "Kituo kingine kimeona?" Mstari mkali kwenye kituo kimoja unaweza kuwa jenereta ya jirani au waya uliolegea. Ukionekana kwa wakati uleule kwenye vituo viwili vilivyo mbalimbali, hapo ndipo unaweza kulitaja Jua.

Mlipuko mkubwa wa Jua ukitokea mchana, eksirei zake huongeza chaji katika tabaka la chini la ayonosfia, na masafa mafupi humezwa, pengine kwa dakika chache, pengine kwa saa nzima. FM haiguswi. Siku niliyojifunza hilo, nilipiga simu nyumbani.

"Baba, ile siku ya yule mteja ilikuwa tarehe ngapi?"

"Msimu wa maembe. Mwaka sikumbuki."

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo.

"Au labda niliunga waya vibaya, mwanangu. Sikuwa na redio nyingine ya kulinganisha."

Nimefungua kumbukumbu za Novemba na Desemba, miaka mitatu. Najua hazitanipa jibu la hakika. Faili zimeandikwa kwa saa za Greenwich, kwa hiyo saa nane ya dukani kwetu ni 11:00. Naanzia hapo.