Kiu Isiwavurugie Masomo, Wala Penzi

Hivi, mpenzi msomaji, tangu asubuhi umekunywa glasi ngapi za maji? Soda usihesabu.

Mimi na mume wangu tunaishi Kibaha, yeye anasimamia ujenzi Kisarawe. Wote tunajiendeleza, kwa hiyo usiku ni vitabu tu. Mwaka jana meza ile ya kusomea nusura ituvunjie ndoa. Namweleza hesabu mara tatu, ananitazama tu. Nikirudia, anafoka. Mwisho akaanza kujiona mjinga, akataka kuacha masomo.

Kumbe baba wa watu alikuwa anashinda juani bila kunywa maji, akiogopa kubanwa na mkojo kwenye daladala! Jumamosi akishinda nyumbani na jagi pembeni, hesabu zile zile anazielewa. Uchovu nao umo, lakini kiu ina yake.

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo, haipothalamasi, inayohisi damu inapokolea chumvi kwa kupungukiwa maji. Hapo ndipo kiu inapoanzia, na haiishii kooni. Mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha utafiti wa panya. Panya mwenye kiu akinusa harufu inayoashiria maji, taarifa inasambaa karibu ubongo mzima. Akishakata kiu, harufu ile ile haimshughulishi. Yaani kiu ndiyo inayochagua ubongo usikilize nini. Sasa hesabu zitapata nafasi wapi?

Kwa binadamu, kupoteza maji ya asilimia 2 ya uzito wako kunaweza kupunguza umakini. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni lita 1.2 tu, na kwa jua letu la Pwani si kazi kuzipoteza.

Kisarawe ilihangaika na maji miaka mingi, mpaka mwaka 2020 ulipozinduliwa mradi wa kuyaleta kutoka Kibamba, maji ya Mto Ruvu yanayosafishwa Mlandizi, huku kwetu Kibaha. Lakini bomba likishafika, kunywa ni juu yako.

Siku hizi mume wangu anabeba chupa yake, anakunywa kidogo kidogo mchana, na msalani anapita kabla ya kupanda gari. Masomo hajaacha. Kwa hiyo, kabla hujamwambia mwenzio kichwa chake kizito, muulize kwanza: umekunywa maji?