Mkeka wa Mama wa Uluguru

Ukishuka Morogoro, iwe kwa basi au kwa treni ya umeme iliyoanza safari zake kutoka Dar es Salaam mwezi Juni 2024, macho yatapanda yenyewe hadi kilele cha Lupanga. Usiishie hapo. Shika barabara ya Kisaki, upite Mkuyuni hadi Matombo. Kwa Kiluguru jina hilo ni maziwa ya mwanamke, nalo latokana na umbo la vilima vyake.

Jina hilo lawafaa wenyeji, maana huku ukoo hufuata mama. Ardhi ya ukoo hurithiwa upande huo, na hata cheo cha Kingalu, chifu wa Kinole, hutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Ususi nao umepita njia hiyo. Zamani binti aliyevunja ungo aliwekwa ndani, pengine kwa miaka, akafunzwa kunga za utu uzima huku mikono ikisuka. Shule imefupisha kifungo hicho, nami sikililii. Ila darasa la ususi halikupewa chumba kingine.

Tazama kazi yenyewe. Makuti machanga ya mkindu hukatwa kabla hayajachanua, huanikwa, kisha huchanwa kuwa chane. Nyingine huchemshwa na rangi. Chane husukwa kuwa ukili, utepe mwembamba unaorefuka pima baada ya pima, halafu ukili hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka utimie. Mama hana siku ya kusuka. Husuka akisharudi shambani, akingoja maharage yaive, mtoto akiwa amelala. Wewe msomaji wa kiwandani unazijua saa za ziada na malipo yake. Saa hizi hakuna anayeziandika.

Nasi watu wa mjini twafika sokoni, twaugeuza mkeka, twataka tuuziwe nusu ya bei kwa sababu wa plastiki ni rahisi. Ni kweli, ni rahisi. Lakini binti aliyesimama kando anasikia bei hiyo, na ndiye anayeamua kama atajifunza.

Ukinunua, muulize mwuzaji ni mikono mingapi iliyosuka. Huenda akakuonyesha kwa kidole: hapa ukili umebana, ni wa bibi, pale umelegea kidogo, ni wa mjukuu.