Daftari la Shule ya Sabato

Nilipofiwa na mume wangu, presha ilinipanda hata miguu ikavimba. Nilikula nilipokumbuka, usingizi ukinijia alfajiri. Jirani yangu hapa Same, mama Msabato, hakunihubiria. Alikuja Ijumaa mchana, tukapika chakula cha kesho yake, na jua lilipokaribia kuzama akasema, "Sasa dada, kazi basi mpaka kesho jioni." Usiku ule nililala.

Wapare tunawajua Wasabato tangu 1903, wamisionari wao walipofika milimani kwetu kutoka Ujerumani. Nilikuwa nimekulia karibu na kanisa lao bila kuingia.

Baada ya Ijumaa ile nikaingia. Nyama nimeacha, majani ya chai pia, na mchicha nalima mwenyewe. Lakini kilichoniinua hasa ni kuhesabiwa. Katika Shule ya Sabato majina husomwa, na asiyeitika hutafutwa. Mara ya kwanza nilipokosekana, kabla ya giza kuingia akina mama wa Dorkasi, kikundi cha huduma cha kanisa, walikuwa mlangoni na chupa ya uji. Mjane anayeishi peke yake anajua uzito wa jambo hilo.

Mwanangu ni tabibu. Ndiye aliyenieleza utafiti wa Loma Linda, California, uliotoa matokeo mwaka 2001: wanaume Wasabato waliishi wastani wa miaka 7 zaidi ya Wazungu wenzao wa jimbo hilo, wanawake miaka 4. Sigara na pombe hawagusi, wengi hawali nyama. Kuna pia ule wa wauguzi wanawake zaidi ya 74,000 wa Marekani, uliotoka 2016. Katika miaka 16 ya kufuatiliwa, waliokwenda ibadani zaidi ya mara moja kwa wiki walikufa pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko wasiokwenda kabisa, na sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na kuwa na watu wa kuwategemea. Kwangu mimi, ndio akina mama wa uji ule.

Namshukuru Mungu, presha imetulia na mlima napanda kwa miguu yangu. Vidonge nameza kila asubuhi, na kanisani nalisema waziwazi, maana wapo walioombewa kisha wakaambiwa watupe dawa. Sasa daftari la darasa ninalo mimi. Sabato iliyopita mzee mmoja wa Makanya hakuitika. Nasikia ameacha vidonge. Kesho napanda basi kwenda kumchukua, tufike wote kliniki.