Nguo ya Mtoto Mchanga

Katika milima ya Usambara, upande wa Lushoto, baridi ya mwezi wa Juni na Julai si jambo dogo. Ukungu hushuka asubuhi hata mtu asiione nyumba ya jirani yake, na wazee huota moto mpaka jua lipande. Huko alikaa msichana mmoja wa darasa la sita, naye alipenda sana kushona. Dada yake mkubwa alikuwa mja mzito, na mtoto alitazamiwa kuzaliwa mwishoni mwa Agosti. Basi msichana akanuia kumshonea mtoto huyo zawadi kwa mkono wake mwenyewe.

Alikuwa na akiba yake ndogo. Akaenda sokoni, akanunua kitambaa cha satini cha rangi ya waridi, na lesi, na utepe, na vifungo sita ving'aavyo. Kwa majuma matatu alishona kila jioni baada ya kazi za nyumbani. Gauni likatoka zuri kweli: lesi ukosini, vifungo vyote mgongoni, na utepe wa kufungwa shingoni. Majirani walilisifu. Bibi yake akalipokea, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole juu ya mishono yake.

"Nguo hii ya nani, mjukuu wangu?"

"Ya mtoto wa dada, bibi."

"Mimi naona ni ya watu watakaokuja kumtazama."

Msichana akanyamaza kwa heshima, lakini moyoni aliona uchungu.

Bibi mwenyewe alikuwa na kikapu chake cha kushonea. Ndani yake mlikuwa na vipande vya kanga kuukuu, na merikani iliyofuliwa mara nyingi hata ikalainika. Jina la merikani lina habari yake. Katika karne ya 19 wafanyi biashara wa mji wa Salem, Marekani, walileta Unguja nguo ya pamba isiyotiwa rangi, na watu wa pwani wakaiita kwa jina la nchi ilikotoka. Vita vilivyopiganwa Marekani yenyewe kwa yenyewe, tangu mwaka 1861 hata 1865, viliikatiza biashara ile, na nguo za Uingereza na za Bombay zikachukua nafasi yake; lakini jina halikubadilika. Nguo hiyo ikiwa mpya ni ngumu, maana kiwandani hutiwa wanga. Tena hurudi, yaani hupungua, ikifuliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo mtu akiikata kabla ya kuifua, atapata nguo isiyomwenea mtu.

Mtoto hakungoja Agosti. Alizaliwa katikati ya Julai, usiku, naye alikuwa na uzito wa kilo 1 na gramu 900. Asubuhi mwuguzi wa hospitali akawaambia jamaa, "Leteni kanga mbili, winda, soksi, na kofia. Kofia ije leo." Msichana akafungua kifurushi chake, akatoa lile gauni. Mwuguzi akalitazama kwa upole, akalirudisha. Vifungo vilikuwa mgongoni, na mtoto alitakiwa alale kifua wazi juu ya kifua cha mama yake, ngozi kwa ngozi. Gauni halikuwa na kazi.

Sharti ieleweke kwa nini kofia ilikuwa jambo la haraka. Mtoto mchanga hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima, kwa sababu ngozi yake ni nyingi ikilinganishwa na uzito wake. Kichwa chake peke yake ni kama robo ya urefu wake wote. Cha mtu mzima ni kama sehemu moja ya nane. Aliyezaliwa na uzito usiofika kilo 2 na nusu ana mafuta machache sana chini ya ngozi, na akipoa, nguvu apatayo katika maziwa huishia katika kutafuta joto badala ya kumkuza. Wako waliokufa kwa baridi tu.

Njia ile ya kumfunga mtoto kifuani ilianzishwa na daktari Edgar Rey mwaka 1978, katika mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia, ambako vyombo vya kuwatia watoto joto havikutosha. Huitwa utunzaji wa kangaruu, kwa jina la mnyama wa Australia achukuaye mtoto wake katika mfuko wa tumboni. Kitambaa, mama, na kofia: vyombo vyake ndivyo hivyo.

Msichana akarudi nyumbani mbio. Bibi akampa fulana kuukuu ya pamba, safi, iliyochakaa mabegani tu. Wakakata kipande cha upana wa sentimeta 33 na kimo cha sentimeta 20. Akaunga ncha mbili za upana zikawa mfereji, akapiga bandi kuzunguka upande wa juu, akavuta uzi mpaka tundu likafumba, akaufunga mara tatu. Pindo la chini halikushonwa, likakunjwa nje tu, maana fulana hunyumbuka na huweza kufuata kichwa kinapokua. Alipotaka kuigeuza ili mshono uingie ndani, bibi akamshika mkono.

"Acha mshono uwe nje. Hao watazamaji na wauone. Ngozi ya mtoto isiuone."

Hapo msichana akacheka, mara ya kwanza siku ile. Kofia ilikuwa tayari kabla ya adhuhuri.

Siku zilizofuata bibi alimfundisha mengine. Shati la mtoto hukatwa kipande kimoja, kama kanzu ndogo, likapasuliwa mbele, likafungwa kwa vigwe vifupi pembeni mwa kifua, wala si shingoni, kwani kamba ya shingoni huweza kumnyonga mtoto. Vifungo hung'oka, naye hutia kila kitu kinywani. Ndani ya soksi nyuzi zote hukatwa, kwa sababu uzi mmoja ukizunguka kidole cha mguu huweza kuzuia damu, na mtoto hulia pasipo mtu kujua sababu. Hata kofia ina kiasi chake: mtoto mzima aliyetimia miezi yake haifai alale nayo ndani ya nyumba penye joto, maana humzidishia joto, tena huweza kumteremkia usoni.

Yule mdogo alikaa kifuani pa mama yake, na nyanya yake akimpokezana, hata mwezi wa Septemba alipoanza kuitupa kanga kwa miguu. Kofia ilikuwa imembana. Ikafuliwa, ikaanikwa juani, ikapelekwa kwa mtoto mwingine.

Gauni la waridi alivaa siku moja, alasiri, wageni walipokuja. Msichana alikuwa amekwisha kulifumua: lesi imetoka, na utepe umetoka, na mgongoni mahali pa vifungo pana vigwe. Wageni walipoondoka alimvua upesi, akamrudishia shati la merikani. Kisha akakaa karibu na bibi yake, wakazihesabu sindano moja moja kabla ya kufunga kikapu. Zilikuwa saba, kama asubuhi.